Jirani Ndiye Anayechagua

Tulimzika Kibet huko Moiben, upande wa chini wa shamba la mahindi la babake, na mhubiri akasema jambo lililonifanya niinamishe kichwa ili watu wasinione uso. Alisema binadamu hajichagulii maisha, yupo anayemchagulia. Waombolezaji wakaitika amina. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki katikati ya akina mama wa kanisa, leso mkononi, na kicheko kikanipanda kooni kama kikohozi. Si kwamba nilikuwa na furaha. Ukikaa na jambo moja moyoni zaidi ya miaka ishirini, halafu mtu asiyejua lolote alitaje kwa kipaza sauti mbele ya umati, mwili haujui kama ulie ama ucheke. Jeruto, mke wa marehemu, aliniona. Baadaye tukipakua wali nyuma ya nyumba akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama Neema, ulikuwa unacheka nini pale?" Nikamwambia ni mambo ya zamani, ya Langas, nitamweleza siku nyingine. Alinitazama kidogo, akarudia sufuria yake. Nimeona afadhali niyaandike, maana nikianza kuyasema mdomo wangu huyaharibu.

Habari za ukoo wetu, na jinsi tulivyotoka Bungoma tukajikuta Eldoret, nitaziacha. Kila ploti ya Langas ina familia yenye hadithi hiyo. Mimi nianze na chumba. Kilikuwa cha Mama Sella, mwanamke mnene wa kutoka pande za Kakamega, mwimbaji wa kwaya, mwenye sauti ya kuita mtu kutoka barabarani bila kutoka nje. Mbele aliuza chapati na maharagwe. Nyuma ya pazia la maua kulikuwa na televisheni yenye kisogo kikubwa, benchi moja refu, kochi lililokatika miguu, na mashine ya gemu ambayo bintiye Sella alimletea kutoka Uarabuni alikofanya kazi za nyumbani. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nasubiri matokeo. Kusubiri matokeo ni kazi isiyo na malipo wala likizo, kwa hivyo Mama Sella akanipa kifimbo cha kusukuma chapati ili nisubiri nikiwa na kitu mkononi. Asubuhi nilikanda unga, mchana nilisukuma, na wateja wa maharagwe wakipungua nilipita nyuma ya pazia, nikiwa bado na unga kwenye viwiko, nikakaa kwenye benchi na vijana. Hata leo nikisikia harufu ya vitunguu vinavyoungua kidogo pembeni, masikio yangu hutarajia mlio wa panga zinazogongana.

Gemu yenyewe ilikuwa ya watu wawili wanaoingia msituni pamoja kupigana na mazimwi. Maandishi yake yalikuwa ya lugha ambayo hakuna aliyeijua, maandishi kama vijumba vya matofali, kwa hivyo tuliisoma kwa picha. Kabla ya kuanza, ilikuonyesha watu sita wamesimama kwenye mstari, na wewe ulitakiwa uchague utakuwa nani. Tuliwapa majina yetu. Kulikuwa na Shoka, jitu la mabega mapana. Kulikuwa na Ngao, aliyetembea polepole akiwa amejaa vyuma mwili mzima, kazi yake kusimama mbele na kupigwa. Mshale alikaa mbali akirusha mishale. Kisu alikuwa mwembamba, mwepesi, na mwoga. Moto alirusha moto kwa vidole. Vijana walimwita mchawi mpaka Mama Sella alipopitisha kichwa kwenye pazia na kusema hakuna mchawi atakayekaa nyuma ya chapati zake. Wa mwisho alikuwa mama mwenye kanzu nyeupe na fimbo, ambaye hakupigana kabisa ila aliwarudishia wenzake damu. Huyo tulimwita Nesi. Ukishachagua, umechagua. Hakukuwa na kurudi nyuma mpaka ufe.

Shida ilikuwa hapo kwenye mstari. Mtu alifika akijua kabisa anamtaka nani, akiwaona wale sita anaanza kuwazunguka. Shoka. Hapana, Mshale. Hebu ngoja, Ngao. Waliokuwa wakingoja zamu walipiga kelele, na mara moja ngumi zilirushwa, televisheni ikanusurika kwa kudra za Mola. Mama Sella akaja na mikono yenye mafuta, akasimama katikati ya chumba na kutoa sheria. "Kuanzia leo hakuna mtu anajichagulia hapa. Jirani yako ndiye anakuchagulia. Wewe kazi yako ni kubonyeza. Mkiachiwa mjichagulie mtakaa hapo mpaka Yesu arudi." Ikawa hivyo. Aliyekaa karibu nawe kwenye benchi alisema jina, nawe ukabonyeza kitufe cha eksi kwa kidole gumba cha kulia, ndiko kukubali. Na kama jirani naye alisitasita, kulikuwa na namba pembeni ya kioo zikishuka. Zikiisha, mashine ilichagua yenyewe, na karibu kila mara ilikupa Kisu. Hiyo ndiyo ilikuwa aibu kubwa kupita zote, kuchaguliwa na mashine. Ilimaanisha jirani yako alikutazama na hakuona kitu.

Sheria ile ilikuwa na ubaya wake. Kwa jina moja tu ulijua watu wanakuonaje. Kijana wa kuuza mitumba, mpole, aliyedhani anaonekana hivyo, alipewa Shoka siku zote, akaanza kutembea akitanua mabega. Mimi, kwa sababu nilikuwa msichana pekee na nilitoka jikoni, kila jirani alinipa Nesi. Nesi, Nesi, Nesi. Hakuna kazi niliyoichukia kama hiyo. Unakaa nyuma. Unaangalia mstari mwekundu wa damu ya mwenzako ukipungua, unamrudishia kwa fimbo, na kila ukifanya hivyo chupa yako ya maji ya buluu inapungua. Ikiisha, ni kungoja ijae yenyewe, tone kwa tone. Unabonyeza na hakuna kitu kinachotokea. Mwenzako anapigwa mbele ya macho yako, anapiga kelele "Nafula, damu! Damu!" na wewe una fimbo tupu.

Kibet alikuja wakati mahindi yalikuwa yamefika magotini. Babake alikuwa mkulima wa Moiben, mahindi na maziwa, na alikuwa amemleta mtoto wake akae kwa mjomba hapo Langas ili awe karibu na kliniki ya moyo. Kwanza nilimwona kabla ya kumjua. Kutoka barabarani hadi kwa Mama Sella kuna kilima kidogo, kilima ambacho mama mwenye ndoo kichwani hakitambui. Yeye alisimama mara kadhaa. Kila akisimama alijifanya anasoma bango la kinyozi, ama anafunga kamba za viatu. Mji huu ni wa watu wa mbio. Asubuhi huwezi kuvuka barabara bila kupishana na vijana wembamba wanaopasua upepo, na mtu akisikia wewe ni Mkalenjin anakuuliza kwanza unakimbia umbali gani. Kibet aliulizwa hivyo siku yake ya kwanza kwenye benchi. Akasema, "Mimi nakimbia mpaka choo." Watu wakacheka. Mimi niliona miguu yake juu ya viatu, ilivyovimba kama unga uliolala na hamira, na sikucheka.

Wote walijua ni mgonjwa, na kwa huruma yao walimchagulia viumbe vya kukaa nyuma. Mshale, ili asipigwe. Nesi, ili apumzike. Alibonyeza bila kusema kitu. Siku niliyokaa karibu naye niliona kidole chake kikingoja juu ya kile kitufe, na shingo yake, ambapo mshipa ulikuwa ukirukaruka mpaka unaonekana. Nikasema, "Ngao." Mtu mmoja akaniambia, "Wee, unataka kumuua?" Kibet aligeuka akanitazama, kisha akabonyeza haraka kabla mtu hajabadilisha. Alicheza vibaya sana. Alisimama mbele na kupigwa na kila zimwi la msitu ule, akipiga kelele za furaha kama mtoto anayenyeshewa. Alipokufa akanirudishia padi, yaani kile kidude cha vitufe, akaniambia, "Asante. Nyumbani hata ndoo ya maziwa hawanipatii nibebe." Zamu yangu ilipofika, yeye ndiye aliyekuwa jirani. Hakufikiri hata kidogo. Akasema, "Shoka." Hivyo ndivyo tulivyokuwa marafiki, na kama mtu anauliza kama kulikuwa na mambo mengine, jibu ni hapana, ingawa Mama Sella hakuniamini mpaka anakufa.

Ugonjwa wenyewe alinieleza tukila. Mama Sella alimpikia maharagwe yake kando bila chumvi, akilalamika kwamba ni dhambi kumpa mtu chakula cha namna hiyo, na Kibet aliyala huku akinieleza. Alipokuwa mdogo aliumwa koo mara kwa mara, nyumbani wakampa maji ya moto na asali kama mtoto yeyote, koo likapona. Kumbe lilikuwa limeshuka likala mlango mmoja wa moyo. Sasa mlango ule haukufunga. Damu ilipanda na kurudi. Kulikuwa na madaktari wageni waliokuwa wakija kutoka ng'ambo kufanya upasuaji pamoja na wa hapa, na jina lake lilikuwa kati ya wale watakaofanyiwa wakifika. Asipofanyiwa, alisema akipangusa sahani kwa kipande cha chapati, hatafika kuona mahindi mengine. Alisema hivyo kama mtu anayesema basi la saa tano limejaa.

Siku ya kuitwa kliniki nilikwenda naye. Mjomba alikuwa kazini, na babake, Mzee, alikuwa ametoka Moiben alfajiri na kofia yake ya sufi na hakujua mlango wa kuingilia. Ng'ombe haelemewi na nunduye. Aliacha mavuno shambani akaja kukaa kwenye benchi la mbao, mikono juu ya fimbo. Daktari alikuwa kijana, na macho ya mtu ambaye hajalala. Akatuwekea mezani vitu viwili vidogo vya mfano. Kimoja kilikuwa pete ya chuma yenye vibawa viwili vyeusi. Kingine kilikuwa cheupe, laini, kama kipande cha ngozi ya maziwa. Akasema mlango ulioharibika utaondolewa, uwekwe mojawapo ya hivi. Cha chuma hakizeeki, lakini damu haikipendi, huganda juu yake. Kwa hivyo Kibet atameza dawa ya kuzuia damu kuganda kila siku ya maisha yake, na damu hiyo ipimwe mara kwa mara, na akijikata na panga itakuwa taabu kuizuia. Dawa ikipungua, donge la damu linaweza kung'oka na kupanda kichwani. Cheupe kimetengenezwa kutokana na ng'ombe. Damu hukizoea, na dawa zile hatazihitaji kwa muda mrefu. Lakini ndani ya kijana huchakaa. Miaka kadhaa, kisha kifua kifunguliwe tena.

Kibet akauliza, "Na hiyo mara ya pili, hao wageni watakuwa wanakuja bado?"

"Siwezi kukuahidi," daktari akasema.

Mzee alikuwa ameinama akikitazama kile cheupe bila kukigusa. "Daktari. Hiyo ni ya ng'ombe gani?"

"Inatengenezwa ng'ambo, Mzee."

"Hiyo nimesikia. Nauliza ni ya kienyeji ama ni ya gredi?"

Daktari alikigeuza kile cheupe akatazama chini yake. Alisema hajui. Mzee akamtazama kwa masikitiko, kama fundi anayeona mtu akishika nyundo kwa kichwa chake. Akasema, "Mimi nimeishi na ng'ombe. Hao ni watu wetu. Chuma sijui tabia yake." Na daktari, kwa upole kabisa, akasema kwamba kijana ni mtu mzima, ana kitambulisho, uamuzi ni wake, afikirie, wageni wakifika ajibu. Hapo ndipo Kibet aliponigeukia mimi, mbele ya babake, na ule uso wake wa kwenye benchi. "Nafula," akasema, "nichagulie."

Nilidhani ni mzaha. Nikacheka, na hakuna aliyecheka nami. Nikiwa na umri niliokuwa nao sikuwa nimewahi kumchagulia mtu kitu kizito kuliko Ngao. Nikasema, "Kibet, hii si gemu." Akasema, "Najua. Ndiyo maana sitaki kujichagulia." Mzee akanitazama kutoka chini ya kofia, akingoja, nami nikainuka. Tulitoka tukashuka ngazi polepole, Kibet akisimama kila zilipopinda.

Majuma yaliyofuata yalinikondesha. Nililala na ng'ombe, nikaamka na chuma. Nikisukuma chapati ya duara nilikuwa naiona ile pete. Nikichagua chuma, nilimwona akivuna, panga likiteleza, damu ikimwagika kati ya mistari ya mahindi na hakuna gari. Nikichagua ng'ombe, nilimwona mtu mzima mwenye watoto amelala tena kwenye kitanda kilekile, akiambiwa wageni hawaji siku hizi. Niliuliza watu. Mchungaji wetu akasema tuombe. Mwalimu wangu wa zamani wa bayolojia, niliyekutana naye sokoni, alinichorea moyo kwenye karatasi ya kufungia sukari, mchoro mzuri sana, kisha akasema hilo la kuchagua silo somo lake. Mama Sella nilimwuliza nikiwa namkatia vitunguu. Akakusanya maganda ya vitunguu, akayatupa nje, akarudi. "Mimi ile sheria niliiweka kwa sababu ya fujo," akasema mwishowe. "Sikujua mtaibeba mpaka hospitali." Nilisikia nyuma ya pazia mtu akimwambia Kibet achukue ya ng'ombe, kisha ataanza kulia mbuu akitaka maji, na Kibet akicheka mpaka akashikwa na kikohozi. Nikasimama pale na kisu mkononi nikisubiri kikohozi kiishe.

Mzee naye alikuja tena kutoka Moiben na chupa ya mursik, yale maziwa yao ya mgando, akaniita nje, tukasimama karibu na mtaro. Alikuwa mtu wa maneno machache, na siku hiyo aliyatafuta kama mtu anayetafuta shilingi kwenye nyasi. "Msichana yangu," akasema, "wewe umesoma. Kijana anakusikia. Mwambie ya ng'ombe." Nikamwuliza kama ana hakika. Akatazama maji machafu yakipita. "Hapana," akasema. "Lakini ya ng'ombe ikikataa, nitajua kuongea nayo." Nilitamani ardhi inimeze. Kibet mwenyewe hakunisukuma. Kila siku alifika, akaketi karibu nami, akaniuliza, "Bado?" Nikasema, "Bado." Akasema, "Angalia namba zinashuka." Tukashika padi. Siku hizo yeye ndiye alinichagulia Nesi, akaniomba radhi kwanza, kwa sababu kulikuwa na zimwi la darajani ambalo Shoka na Ngao peke yao hawakuweza kulipita. Nikakaa nyuma na fimbo yangu. Alisimama darajani akapigwa, mstari mwekundu ukapungua, chupa ya buluu ikaisha, nikabonyeza, nikabonyeza, nikabonyeza. Zimwi lile hatukulipita kamwe.

Wageni walipofika, alilazwa. Nilikwenda kumwona mchana, siku moja kabla ya upasuaji, nikiwa nimeamua. Ama nilidhani nimeamua. Njiani nilikuwa na neno mdomoni, na kila hatua nililigeuza. Nilimkuta ameketi kitandani na gauni la hospitali lililofungwa kwa nyuma, Mzee kando yake akimenya chungwa. Kabla sijasalimia Kibet akainua mkono. "Wacha," akasema. "Mashine imechagua." Wageni walikuwa wamekuja na vifaa vyao kwenye masanduku, na vile vya ng'ombe vya kumtosha vilikuwa vimekwenda kwa wengine kwanza, wasichana waliotarajia kuzaa siku moja, kwa sababu dawa za damu na mimba havipatani. Vilivyobaki ni vya chuma. Hakukuwa na mtu wa kumlaumu. Nilisimama pale nikiwa na neno langu mdomoni, sijui hata lilikuwa lipi, na lisilo budi hubidi. Mzee akanipa kipande cha chungwa. Nikala. Kibet akasema, "Angalau hawakunipa Kisu," na tukacheka sisi wawili, Mzee akitutazama bila kuelewa.

Alipona. Hilo pia ni sehemu ya mwaka ule, na sitaki kulificha kwa sababu ya mwisho. Alirudi kwa Mama Sella amekonda, kovu likichungulia kwenye kola ya shati, miguu imekuwa miguu. Alipanda kile kilima bila kusoma bango la kinyozi. Na alikuja na sauti. Chumba kikinyamaza, gemu ikibadilisha ukurasa, ungesikia ikitoka kifuani mwake, tik, tik, tik. Mama Sella alipitisha kichwa kwenye pazia akauliza nani ameacha saa yake hapa. Alipoambiwa, alishika mdomo kwa mikono yenye unga, kisha akaenda kumtolea nyama. Sasa alikatazwa kubadilishabadilisha mboga za majani, kwa kuwa zilipigana na ile dawa, na kwa mtu wa Uasin Gishu aliyelelewa kwa managu na sukuma huo ni msiba mdogo wa kila siku. Nilimpimia kwa kijiko cha kupakulia maharagwe, kiasi kilekile kila siku. Ilikuwa kazi ya Nesi, na sikuichukia tena. Mwaka ulipoisha nilikwenda chuo cha ualimu, yeye akarudi Moiben. Siku ya kuagana tulikaa kwenye benchi, hakuna aliyewasha mashine. Akasema, "Ulikuwa uniambie nini ile siku?" Nikasema, "Bado nafikiria." Akasema, "Sawa. Mimi niko, sina haraka."

Akawepo. Alioa, akapata watoto, akafuga ng'ombe wa babake, na panga hakulishika. Jeruto ndiye aliyefyeka. Tulikutana kwenye harusi na mazishi, na kila mara, baada ya salamu, aliinamisha kichwa na kuuliza, "Nafula, bado?" Nami nikajibu, "Bado." Watu walidhani ni deni. Mwanangu Neema sasa anacheza gemu kwenye simu, anabadilisha mhusika wake kila dakika, leo shujaa kesho mchawi, anarudi nyuma anavyotaka, na mimi hukaa karibu naye nikitazama kwa wivu ambao siwezi kumweleza.

Mwaka huu donge la damu lilijishikiza kwenye kile chuma, likang'oka, likapanda kichwani. Yaleyale tuliyoambiwa. Alikuwa akimeza dawa zake; Jeruto aliapa hivyo huku akinishika mikono yote miwili, kana kwamba mimi ndiye hakimu, nikamwambia namwamini, na namwamini. Nilimkuta Kibet hospitalini, amelala karibu na dirisha, saa ya mchana ya kuona wagonjwa. Upande wa kulia wa mwili haukuwa wake tena, na maneno yalikuwa yamekwenda yote. Macho ndiyo yalibaki. Nilikuwa nimebeba chapati, mjinga mimi, mtu hawezi hata kumeza mate. Nikaziweka juu ya kabati. Jeruto akatoka kuongea na muuguzi, na nikaketi karibu naye, upande wa kushoto, upande uliokuwa bado na mtu. Wodi ilikuwa kimya. Tik, tik, tik, ile pete ikifunga na kufungua bila kujua iliyoyafanya. Alinitazama. Hakuweza kuuliza, lakini alikuwa anauliza.

Nikamwambia, "Kibet, nimemaliza. Chuma. Ile siku nilikuja kukuambia chuma."

Sijui kama ni kweli. Nimejaribu kurudi kwenye ile njia ya hospitali, nisikie neno lililokuwa mdomoni mwangu, na sikumbuki. Najua tu kwamba mtu aliyekuwa mbele yangu alikuwa ameoa na chuma hicho, amezaa na chuma hicho, amemzika babake na chuma hicho, na sikuweza kumpa damu wala maneno wala mkono wa kulia. Sikutaka aondoke akiwa amechaguliwa na mashine.

Kisha kidole gumba chake cha kushoto, ambacho kule kwa Mama Sella hakikuwa na kazi ya eksi, kikaanza kutambaa kwenye shuka, polepole, kikapanda juu ya mkono wangu, kikautafuta mpaka katikati ya kiganja. Akabonyeza.